Nilianguka mbele yenu: maneno juu ya kuamuka kisha krizi kubwa ya kifafa

Maneno haya yalisemwa na agenti wa tereni katika mkutano wa wanachama, Mapendo, mwezi wa 6, 2025. Tunayaandika hapa kwa wanachama ambao hawakufika na kwa wafadhili wetu.



Mumezoea kuniona hapa na fishi na biki mkononi. Ninauliza majina, ninahesabu watu wa nyumba, ninaandika, ninaenda. Leo sina fishi. Mama Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya kifafa, na mimi nikakubali kwa sababu mwezi wa pili nilianguka mu lupango hii hii, mbele yenu. Ile siku munaikumbuka kuliko mimi. Wengine walipiga telefoni wakasema nimekufa. Basi, leo maiti inasema.

Nitaeleza kwa nini nilianguka, mulinifanyia nini, mtu anaamuka namna gani kisha krizi kubwa, na chama chetu kinaweza kufanya nini. Mwishoni niko na ombi.

Kwa nini nilianguka

Niko na kifafa tangu miaka tisa. Palu ilipanda ku kichwa, nikalala siku tatu bila fahamu, na ubongo ukabaki na kovu. Hivyo ndivyo muganga alimueleza mama yangu. Njia zingine za kupata kifafa ziko mingi: mtoto kuchelewa kupumua wakati anazaliwa, kuumia kichwa, ugonjwa wa menenjiti, mayai ya minyoo ya nguruwe yanayofika mpaka ku ubongo. Kule Ituri na Bas-Uele, kando ya mito yenye kukimbia sana, kuna vijiji vyenye kifafa nyingi, na wachunguzi wameona uhusiano na onkoserkose, ule ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi. Tena kuna watu ambao sababu yao haionekani. Katika hesabu yote hiyo, hakuna nafasi ya mchawi wa jirani.

Kwa miaka nilikunywa dawa yangu ya fenobarbitali kila jioni, kisha chakula. Nilimaliza miaka minne bila kuanguka hata mara moja. Nilisoma, nikapata diplome ya univerziti, nikapata kazi, nikajifunza kuendesha moto. Ku kazi hakuna aliyejua.

Kisha ikafika mwisho wa Januari 2025. Sina haja ya kuwaeleza zile siku, tarehe 26, 27, 28. Nilikimbilia kwa shangazi na kibegi. Mu kibegi nilitia karata ya uchaguzi, diplome, telefoni, shaja, nguo mbili. Dawa ilibaki juu ya kabati. Niliporudi, mlango ulikuwa umevunjwa na kabati haikuwapo. Farmasi za karibu zilikuwa zimefungwa, benki zimefungwa, umeme hakuna, na maji tulichota ku ziwa na bidoni.

Sasa nikubali kosa langu. Mimi mwenye kufundisha watu nilijiambia: miaka minne bila kuanguka, wiki mbili bila dawa zitanifanya nini? Hiyo ni hesabu mbaya. Fenobarbitali ni kama mtu anayeshikilia mlango upepo usiingie. Ukimuondoa mara moja, mlango haurudi polepole, unapiga kwa nguvu. Ongeza kukosa usingizi, njaa na woga. Siku ya 13 bila dawa, Posho tarehe 8 Februari, tukiwa hapa kuhesabu nani amerudi na nani bado, nikaanguka.

Mulinifanyia nini

Hii sehemu mimi sikuiona. Nimeikusanya kwenu, kama vile ninavyokusanya habari za tereni, na kila mtu ana yake. Mama mmoja anasema krizi ilidumu nusu saa. Kijana mmoja aliangalia telefoni yake: dakika nne. Ninamuamini kijana, lakini ninamuelewa mama. Dakika nne za kuangalia mtu anatetemeka zinakuwa ndefu sana.

Mulisema nilipiga kelele moja, nikakauka kama mti, kisha mwili wote ukaanza kutetemeka, povu ikatoka, mkojo ukatoka. Kulikuwa na sauti: «Musimuguse, ile povu inaambukiza!» Mwingine: «Leteni kijiko!» Mwingine alikimbia kutafuta kitunguu cha kuninusisha. Watu wawili walinikalia ku miguu.

Ninawaambia kwa upendo: kijiko kilinivunja jino, hili hapa, na dada aliyekishika aliumwa kidole. Mtu mwenye krizi hawezi kumeza ulimi wake. Anaweza kuuuma, ndiyo, lakini ulimi unapona. Jino halioti tena. Kumkalia miguu hakusimamishi krizi, kunaweza kumvunja au kumtegua. Maji, kitunguu, mafuta ya petroli, vyote havisaidii kitu. Na povu ni mate tu. Haiambukizi, mkojo hauambukizi, kumugusa hakuambukizi.

Lakini kuna mambo mulifanya vizuri kabisa, na ndiyo yaliniokoa. Mama mmoja aliondoa mbabula yenye kupika maharagi iliyokuwa karibu na kichwa changu. Alikunja kikwembe chake, akakitia chini ya kichwa, juu hapa Mapendo tunalala juu ya mawe ya volkano, munajua. Kutetemeka kulipopungua, alinigeuza ubavuni ili mate yatoke nje, nisipaliwe. Aliondoa watoto. Kisha akanifunika na kikwembe kingine, kwa sababu ya ule mkojo. Hakuna shule iliyomfundisha. Nilipomrudishia vikwembe vyake, nimevifua na kuvipiga pasi, alivinusa akasema: «Sabuni yako ni mbaya.» Hapo nikajua niko kwetu.

Kuamuka kunachukua muda gani

Watu wanafikiri krizi ikisimama, mambo yameisha. Kwa mgonjwa, ndipo yanaanza.

Ubongo unafanya kazi na umeme kidogo sana, kila sehemu kwa zamu yake. Krizi kubwa ni kama nyumba zote za avenyi zinawasha pasi kwa wakati mmoja. Kisha pale ubongo unachoka, unajizima sehemu sehemu, unarudi polepole.

Saa ya kwanza, mtu analala kwa nguvu, anakoroma, au anafungua macho lakini hajarudi. Mimi, wanasema, nilisimama nikataka kutoka ku barabara, na kijana aliyenishika mkono nilimpiga. Ninamuomba pardon tena. Haikuwa hasira, wala pepo. Mtu katika hali ile haelewi, anaona tu mtu anamfunga. Usimkamate. Mfungie njia ya hatari, tembea naye, sema kwa sauti ya chini: «Ulianguka. Ilipita. Uko Mapendo, sisi ndio hawa.» Rudia hata mara kumi. Usimpe maji, chakula wala dawa ya kumeza mpaka aweze kusema jina lake na mahali alipo, na kumeza mate yake vizuri. Hali hii inaweza kuchukua dakika chache, inaweza kuchukua masaa.

Siku ya pili, mwili wote uliniuma kama mtu aliyebeba magunia ya makala kutoka Kituku. Hiyo ni misuli iliyofanya kazi kwa nguvu yake yote. Ulimi ulivimba, nikaishi na uji siku tatu. Kichwa kiliuma. Na maneno yalipotea. Nilitaka kusema bidoni, nikasema «ile kitu ya maji». Nilisahau jina la mtoto wa dada yangu. Siku mbili za kabla ya krizi zimefutika mpaka leo. Niko na liste niliyosaini tarehe 7, sahihi ni yangu, lakini sikumbuki kuisaini.

Wengine wanaamuka na mkono mmoja au mguu mmoja hauna nguvu. Mara nyingi nguvu inarudi baada ya masaa, kwa wengine siku moja au mbili. Lakini muganga lazima aone, kwa sababu ugonjwa mwingine unaweza kufanana na huo.

Kisha kuna kitu ambacho hakuna aliyenionya: huzuni. Wiki nzima nililia bila kujua ninalilia nini. Sehemu moja ni ubongo wenyewe uliochoka. Sehemu nyingine ni haya. Nilifikiria ule mkojo, macho yenu, watoto waliokuwa dirishani. Ukiwa na mtu nyumbani katika hali hiyo, usimuambie «jikaze». Kaa naye. Usimuache peke yake usiku wa kwanza.

Kuna nyakati ambazo hatukai nyumbani kungoja. Mpelekeni ku lopitali mara moja kama krizi imepita dakika 5, kama ya pili inaanza kabla hajaamuka, kama ni krizi ya kwanza katika maisha yake, kama ni mama mwenye mimba, kama ameanguka ndani ya maji au ameungua, kama amepiga kichwa sana, kama ana homa kali. Hapo ni motari, ni gari ya jirani, ni chochote. Na ndiyo maana mtu wa kwanza kufika aangalie saa.

Kurudia dawa

Siku ya tatu dada yangu alinipeleka kwa muganga. Nilikuwa na wazo la kunywa vinini vya siku zote nilizopoteza. Alinikataza kabisa: dawa hailipwi kama deni. Fenobarbitali nyingi kwa mara moja inaweza kuzimisha pumzi. Alinipangia kipimo, akanieleza kwamba inachukua wiki mbili au tatu dawa ijae tena vizuri mu mwili. Kwa hiyo wiki hizo niwe mwangalifu: nisiendeshe moto, nisiende kuoga wala kuchota maji ziwani peke yangu, nisipike nikiwa peke yangu, nilale usingizi wa kutosha, nisiguse pombe.

Hapa Goma hatuko bila msaada. Kituo cha afya kinaweza kuanza kukusaidia, na Kituo Tulizo Letu cha Mabruda wa Upendo kinapokea wagonjwa wa akili na wa kifafa. Shirika la Afya Duniani, ile tunaita OMS, linasema watu karibu milioni 50 wana kifafa duniani, na kwamba mpaka 70 kwa 100 wanaweza kuishi bila krizi wakipata dawa inayowafaa na kuikunywa vizuri. Linasema tena kwamba dawa za bei ya chini zinaweza kugharimu dolari 5 tu kwa mwaka mzima.

Basi mtaniuliza: kama dawa inafaa na ni rahisi, shida iko wapi? Nitawajibu na habari ya Tanzania, mahali panaitwa Mahenge, mu milima. Karibu mwaka 1960, muganga mwanamke kutoka Norvège, Louise Jilek-Aall, alikuta huko wagonjwa wengi wa kifafa. Walitengwa, wengi walikuwa na makovu ya moto. Alianza kuwapa fenobarbitali, na wengi waliacha kuanguka au walianguka mara chache kuliko mbele. Lakini Mahenge iko mbali na dawa haikufika sawasawa kila wakati. Miaka 30 kisha pale, waganga walitafuta wale wagonjwa 164 wa kwanza. Theluthi mbili walikuwa wamekufa, na wengi kati yao waliuawa na krizi isiyosimama, na maji, na moto.

Niliposoma habari ile nilifunga kompyuta. Dawa ilifanya kazi yake. Kilichokatika ni njia yake ya kufika. Na sisi wa chama hiki, ni nani anajua njia kukatika kama sisi? Tarehe 27 Mei 2021, kisha volkano, tuliambiwa tutoke, kartie 10 za Goma, na Mapendo ndani. Tukaenda Sake, Minova, Gisenyi. Tukarudi, tukaunda chama. Mwaka huu tumekimbia tena, tumerudi tena. Kila mara tunahesabu magodoro na sufuria zilizopotea. Hakuna aliyehesabu vinini.

Habari ya kopo

Sasa niseme neno ambalo nimelibeba tangu mwezi wa tatu.

Niliporudi hapa mara ya kwanza kisha krizi, chai ililetwa kama kawaida, mu zile kopo za chama. Yangu ilikuja peke yake, mu kopo ya plastiki, na kisha mkutano niliona ikitupwa. Sikusema kitu. Nilikunywa, nikaandika liste, nikaenda. Sitafuti aliyefanya vile, na ninaomba asitajwe. Najua aliogopea watoto wake. Nami nilisema nini? Nilinyamaza, mimi ninayelipwa kueleza.

Ile wiki, mama watatu walikuja kwangu, kila mmoja peke yake, wawili usiku. Kila mmoja ana mtoto mwenye krizi ndani ya nyumba. Mmoja amemtoa mtoto ku masomo. Mmoja anamfungia siku ya mkutano ili tusimuone. Wa tatu aliniuliza tu: «Wewe ulisoma namna gani?» Waliniona naanguka ndipo wakapata mtu wa kuuliza. Ni kwa ajili yao nimekubali kusimama hapa. Majina yao sitayasema.

Ku kazi pia nilimueleza shefu wangu. Niliogopa kontra yangu itakatwa. Aliniondoa ku moto kwa muda, ninatembea na mwenzangu, na kazi inaendelea. Si kila mtu anapata bahati hiyo, ndiyo maana watu wanajificha, na kujificha ndiko kunafanya mtu aanguke peke yake.

Ombi langu

Kwanza, kwa kila nyumba yenye mtu wa kifafa: dawa ikae mu kibegi cha kukimbia, pamoja na karata. Akiba ya mwezi mmoja kama inawezekana. Kila muganga anapokupa mpya, tia mpya mu kibegi, kunywa ile ya zamani, isipitwe na tarehe. Na karatasi ndogo yenye jina la dawa, kipimo, na saa ya kuikunywa, ili hata ukifika Minova muganga asianze kukisia. Mama mwenye mimba au anayetaka kuzaa amuone muganga mbele, kwa sababu kuna dawa za kifafa, kama valproate, ambazo zinaweza kuumiza mtoto tumboni. Lakini asiache dawa mwenyewe.

Pili, kwa chama. Sheria ya sanduku letu la kusaidiana inasema linalipa kilio, kuzaa, na kulazwa lopitali. Mtu wa kifafa halazwi. Anahitaji kinini kila jioni, basi sanduku linamuambia hapana. Tunangoja mpaka aungue ndipo tumlipie kitanda. Ninaomba tuongeze mstari mmoja: dawa ya kila siku ya mgonjwa wa kifafa, kwa karatasi ya muganga. Ninaomba pia watu watatu kwa kila avenyi wajifunze kile mama wa vikwembe alikifanya. Nitawafundisha mimi mwenyewe, saa mbili zinatosha.

Tatu, kwa wafadhili wetu mutakaosoma maneno haya. Munatusaidia vizuri siku ya kukimbia na siku ya kurudi, na tunawashukuru. Lakini dawa ya miezi mitatu inayokatika mwezi wa nne inaweza kuwa hatari kuliko kutoanza. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, vitu vikapita barabara na ziwa, vikachelewa. Mukitaka kusaidia mtu wa kifafa, hesabu mwaka mzima, na akiba mahali pawili, si ndani ya ghala moja.

Mama na baba, siku 120 na zaidi zimepita, sijaanguka tena. Sisemi nimepona. Ninasema jana jioni nilikunywa dawa, na leo jioni nitakunywa.

Kama kuna maswali, niko hapa mpaka giza. Wale wasiotaka kuuliza mbele ya watu, namba yangu munayo. Na chai naona imefika. Ninaomba yangu mu kopo ya chama.